Kiti cha Kushoto, Njia ya Kisangani

Masika mwanangu,

Umeondoka na boda kwenda Kisinga kumuaga shangazi yako, na nyumba hii imeanza kufanya mazoezi ya kesho. Nimezima redio nikaiwasha tena mara mbili. Kuku wameingia mpaka sebuleni kwa sababu hakuna wa kuwafukuza, na mimi leo sina moyo huo. Nimekaa kwenye meza ya kulia chakula, na karatasi hizi nimezichana kwenye daftari lako la jiografia, zile za mwisho ambazo hukuzijaza. Utanisamehe.

Sitakuandikia habari za kuchemsha maji, wala chandarua, wala kuficha simu ukiwa sokoni. Shangazi yako amekwisha kuyasema yote, na ninavyomjua, sasa hivi anayarudia huku akikufungia karanga ambazo hutaweza kuzibeba. Mimi nina jambo moja tu. Nimeliatamia miaka kumi na miwili kama kuku na yai viza. Kesho mjomba wako atakuja kukupokea pale Mpondwe, mtakwenda Beni kupanda ndege, na kabla jua halijazama utakuwa Kisangani, mbele ya mama yako. Nataka ulisikie kutoka kwangu kabla hujalisikia huko.

Siku zote nilikuambia mama yako alikataa kurudi. Sio kweli. Mimi ndiye niliyemwacha.

Basi, nimeliandika. Nimesimama kidogo, nimekunywa maji, nimerudi. Kama umekasirika ukataka kuichana barua hapa, una haki, ila nakuomba uvumilie mpaka mwisho, maana sehemu mbaya zaidi bado.

Unajua kazi yangu ya zamani. Nilikuwa dereva wa hoteli moja kule Mweya, nawazungusha wageni mbugani kuwatazama simba waliolala. Wengi walikuwa wawili wawili, mume na mke, wengine wazee kabisa, wameshikana mikono kwenye kiti cha nyuma. Jioni nilimsimulia mama yako, naye aliniuliza swali lile lile: "Na siye? Siye tutatembea lini, Baba Masika?" Alizaliwa Kisangani, akaja hapa Bwera na mama yake mkubwa aliyeuza vitenge mpakani, wakati kwao hakukaliki. Tulipooana hakujua Lhukonzo, lugha yetu ya milimani, nami sikujua Kilingala wala Kifaransa, ndiyo maana nyumba yetu ikawa ya Kiswahili, na ndiyo maana nakuandikia hivi. Wewe ulipozaliwa ukaitwa Masika, binti wa kwanza, kama desturi yetu ya kuhesabu watoto inavyotaka. Mama yako alicheka, akasema watu wa milimani wanawapa watoto majina kama wapo kwenye foleni. Hakuna aliyejua kwamba foleni ingeishia kwako.

Ulikuwa na miaka saba nilipotimiza ahadi. Tulikupeleka kwa shangazi yako, tukaosha gari letu, ile Korona nyeupe, tukatoka watu wawili tu, kama wageni wa Mweya. Mama yako alisuka nywele upya. Mimi nilivaa kofia. Usicheke. Nilitaka kuonekana mtu anayekwenda kuwaona wakwe zake katika mji mkubwa, mji wenye kanisa kuu la Wabelgiji kando ya mto na watu wanaosalimiana kwa Kifaransa.

Sasa nisikilize vizuri hapa, kwa sababu kila kitu kinatokea hapa. Sisi Uganda tunaendesha kushoto, na usukani uko kulia. Ukivuka daraja la Mpondwe ukaingia Kasindi, unahamia kulia, lakini usukani unabaki pale pale. Ukiwa nyuma ya lori huoni kitu. Unaona bodi la lori na vumbi. Anayeona mbele ni yule aliyekaa kushoto. Kwa hiyo dereva wa Uganda akiingia Kongo, yule aliye karibu naye ndiye macho yake. Akisema enda, unaenda. Akisema ngoja, unangoja. Hakuna ujanja mwingine, hata uwe dereva wa miaka mingapi.

Mama yako alikuwa macho mazuri ajabu. Hakupiga kelele, hakushika dashibodi kwa woga kama wake wa madereva wengine. Alichungulia, akatulia, akasema: "Ngoja. Kuko kamyo inakuya." Kisha: "Bado." Kisha: "Sasa unaweza duble. Enda!" Kamyo kwao ni lori, na duble ni kulipita. Nami nilikwenda. Kutoka Beni mpaka Komanda, mpaka Mambasa, msitu umetufunga pande zote, tuliyapita malori sijui mangapi kwa neno lake tu. Nilipaswa kumwambia kwamba anafanya vizuri. Neno hilo lilinifikia mdomoni mara nyingi, nikalimeza. Badala yake nilimtania: "Wewe nani alikupatia leseni?" Naye akajibu: "Leseni ni yangu, motokari ndiyo yako." Tulicheka sana njia ile, mwanangu. Nataka ujue hilo. Usije ukadhani wazazi wako waliishi kwa kununiana.

Siku ya tatu, tumeshaipita Bafwasende, nilikuwa nimechoka na nilitaka kufika kabla ya giza. Mbele yetu kulikuwa na lori limebeba magunia na watu juu ya magunia. Mama yako alichungulia. "Ngoja," akasema. "Kuko mutu wa kinga." Kinga ni baiskeli huko. Nilingoja kidogo. Nikauliza, naye akasema tena ngoja. Sijui nini kilinipanda kichwani. Nadhani ni zile siku tatu za kusubiri ruhusa ya mke wangu kwenye gari langu mwenyewe. Nikasema, "Mimi iko dereva," nikatoka.

Mtu wa baiskeli alikuwa pale pale mama yako alipomwona. Alikuwa anaisukuma kwa miguu, imebeba madumu ya mafuta ya mawese mpaka imezama. Nilikata usukani, gari likaingia mferejini kwa upande wa kushoto. Upande wake. Yule mtu aliruka akapona, dumu moja likapasuka, na barabara yote ikawa nyekundu. Kioo cha mama yako kilivunjika kikamchana mkono kutoka kwenye kiwiko mpaka karibu na kifundo cha mkono. Mimi sikuumia hata ukucha.

Yule mtu wa mawese alikuja upande wangu amekasirika. Alitazama usukani, akamtazama mama yako anayevuja damu, akanitazama mimi. "Usukani iko kuume, bibi iko kushoto," alisema. "Yeye ndiye macho yako. Sasa mbona haumusikie?" Mama yako alishuka, mkono ameufunga kwa kitenge, akamsaidia kuyainua madumu yaliyobaki na akamwomba radhi kwa Kilingala. Aliniombea mimi radhi. Watu wa lori walitusukuma tukatoka mferejini. Masista wa zahanati iliyokuwa mbele kidogo walimshona nyuzi kumi na moja, naye hakulia wala hakunikaripia. Heri angenitukana, ningejua pa kuanzia.

Tulipofika kwao, mama yake alipiga ukelele alipouona mkono. Mama yako akasema, "Motokari iliteleza kidogo kwa mufereji, mama, si kitu." Alinifunika. Nilimshukuru kimoyomoyo na nikaona mambo yamekwisha.

Siku mbili zilizofuata alinionyesha mji wake. Tulipanda toleka, zile baiskeli za abiria, yeye moja, mimi moja, mkono wake umefungwa kwa kitenge shingoni, na waendeshaji wetu wakashindana mpaka nikashika kofia. Alinipeleka kanisa kuu, akanionyesha benchi alilokaa siku ya komunyo ya kwanza. Alinipeleka kwenye maporomoko wanakovua Wagenia, na zile nguzo zao zilizosimama katikati ya maji yanayounguruma. Nyumba za zamani za Wabelgiji bado zina veranda pana na maandishi ya Kifaransa yaliyofifia ukutani. Alinisomea kila bango. Kila baada ya hatua kumi mtu alimwita kwa jina. Watu walimkumbuka. Alikuwa mtu, Masika. Hapa Bwera alikuwa Mkongo mwenye kiduka cha sabuni, lakini kule alikuwa binti wa mwalimu fulani, aliyeshika namba darasani, aliyeimba kwaya. Na mimi, dereva mkubwa wa Mweya, nilikuwa nimesimama nyuma yake kama mzigo, natabasamu kwa lugha nisiyoijua. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Niliisikia kamba hiyo kila saa.

Babu yako naye alinitania. Ukuta wa nyumba yake una matundu ya risasi, ya wakati ule majeshi ya Uganda na Rwanda yalipopigana ndani ya mji wao. Alinionyesha tundu moja kubwa, akasema, "Hii ni salamu ya kwenu, mukwe." Alikuwa anacheka. Mimi pia nilicheka, lakini chai ilinipalia.

Jumapili, baada ya misa, waliwaita wazee wa ukoo. Kwao mkwe anayefika kwa mara ya kwanza halishwi kabla hajatoa habari ya njia. Unasimama mbele ya watu, chakula kimefunikwa, unaeleza ulivyotoka, ulivyopita, nini kilikupata. Ni heshima. Ni kama kusema, hivi ndivyo nilivyomleta binti yenu, muone wenyewe. Nilisimama nikaeleza Kasindi, Beni, msitu. Mambo yalikwenda vizuri, walicheka panapostahili kucheka. Halafu babu yako akauliza, taratibu tu, "Na mukono ya mutoto yangu?"

Mama yako alikuwa amekaa kwenye mkeka na dada zake, akanitazama bila wasiwasi, kwa sababu aliamini ninajua la kusema. Nilikuwa na maneno mawili tu ya kusema: nilikosa mimi. Watu wangeguna, wangenicheka, tungekula. Lakini nilizitazama zile nyuso, nikaona nimekuwa mdogo siku tatu nzima, sasa nijipunguze tena? Nikasema: "Kule barabara iko upande yenu. Mimi sioni. Yeye ndiye aliniambia enda."

Hivyo tu. Niliona mama yako akiinamisha kichwa. Babu yako akasema, "Aa, banamuke," yaani wanawake hao, na wazee wakacheka, na chakula kikafunuliwa. Nilikula vizuri. Nakuambia ukweli, nililamba hata vidole.

Alasiri alinifuata nyuma ya nyumba, akaongea polepole sana. "Wazee bangali pale. Rudia habari ya njia. Sema vile ilikuwa." Nikamwambia hayo ni maneno kidogo, asiyakuze. Akasema: "Ni kidogo kwako. Mukono ni yangu." Nikamwambia atanifedhehesha. Akasema: "Na miye ulinifanya nini pale kwa mukeka?" Wazee wakaaga mmoja mmoja, nikawapa mikono.

Kesho yake nilipakia gari. Mama yako alikuwa amekaa kwenye ngazi ya veranda, hajavaa viatu. Nilipiga honi. Akasema, "Miye siingie tena kwa ile kiti. Utaniuliza njia, nitakuambia, na haungesikie, na mbele ya batu utasema ni miye." Nilingoja babu yako amkemee, maana ndivyo wazee wanavyofanya. Hakumkemea. Alimtazama binti yake, akaniuliza mimi: "Kuko kitu haukusema, mukwe?" Nikasema hakuna. Nikawasha gari. Kwenye kituo cha mafuta cha mwisho wa mji nilisimama saa nzima, nikiangalia kila toleka inayotokea. Nilikuwa na uhakika atakuja. Nikaondoka.

Kwenda tulitumia siku tatu. Kurudi nilitumia tano. Kile kiti kilikuwa kitupu, na bila mtu pale huwezi kupita lori hata moja. Nilikokota nyuma yao, nikala vumbi lao kutoka Bafwasende mpaka Oicha. Mara kwa mara nilijisahau nikauliza, "Niende?" Nilipovuka Mpondwe nilisahau hata kuhamia kushoto, nikaingia Uganda upande wa Kongo, na wanawake wa soko wakanipigia kelele, "Wewe mzee, unataka kutuua?" Nilisimamisha gari pembeni nikalia. Nimekuambia mara nyingi kwamba hujawahi kuniona nikilia. Wewe hukuniona, lakini wauza samaki wa Mpondwe waliniona.

Sasa ile sehemu mbaya zaidi.

Mke aliyeachwa kwa baba yake harudi kwa miguu yake. Desturi hiyo ni ya kwao na ni ya kwetu pia, sina pa kujitetea. Mume hurudi kumchukua, na wazee wawili na mbuzi, anasimama mbele ya watu anasema kosa lake kwa mdomo wake. Ndipo mke anachukua mfuko wake. Nilikwenda Bugoye kwa baba yangu mdogo, yule mlinzi wa mfereji wa maji ya mtambo wa umeme kule Mubuku, nikitarajia atachukua upande wangu. Alinisikiliza huku akivuta kiko chake. Nikamwambia, "Mimi nipeleke mbuzi kwa sababu ya kukata kona vibaya?" Alicheka mpaka akakohoa. "Kona ilikwisha," akasema. "Mbuzi ni ya mdomo." Nikaondoka nimemnunia. Nilimnunia miaka miwili.

Nilikuambia mama yako alinyamaza. Hakunyamaza. Alituma neno mara tatu, kwa madereva wa malori wanaoleta mbao mpakani. Neno lenyewe lilikuwa lile lile: "Anauliza utakuya lini." Nami kila mara nilijibu, "Mwambieni njia anaijua." Baadaye barabara ile ikaharibika kwa mauaji, watu wakachinjwa huko Beni na Eringeti, na hakuna mwenye akili aliyepita bila sababu kubwa, ila madereva wa malori. Mungu anisamehe, nilipata kisingizio kizuri. Kila nilipoulizwa nilisema, njia haipitiki. Lakini kwa muda wa mwaka mzima ilikuwa inapitika.

Unayakumbuka magauni ya shangazi? Lile la kitenge lenye ndege wa bluu, ulilovaa Krismasi mpaka likachakaa, na mengine mawili ya miaka iliyofuata. Shangazi yako hajui kushona hata kifungo. Mama yako ndiye aliyeyashona na kuyatuma kwa malori. Mimi nilimwomba shangazi yako aseme ni yake, naye alikubali kwa shingo upande, na tangu siku hiyo ananiangalia vibaya, ulishawahi kuniuliza kwa nini. La kwanza lilikutosha. La pili lilikubana kidogo. La tatu halikuingia kabisa, ukalia, na shangazi akakuambia umekula sana. Mama yako hakuwa na kipimo chako, mwanangu. Alikuwa anakisia. Mtoto aliyekuwa anamshonea alikuwa anakua polepole kuliko wewe. Nililiweka lile la tatu kabatini, na usiku ule sikulala. Hata hivyo sikusema kitu.

Baada ya hapo hayakuja mengine. Mwaka jana ulimtafuta kwenye simu bila kuniambia, na ukampata kwa siku mbili. Siku mbili, wakati mimi nilikuwa nimekuambia hajulikani aliko! Niliposikia sauti yake ikitoka kwenye simu yako pale jikoni, nilitoka nje nikajifanya naangalia kuku. Umekuwa mtu mzima ukaamua kwenda kukaa naye, ujifunze Kifaransa, umjue. Hukuniomba ruhusa, uliniarifu tu, na ulikuwa na adabu mpaka nikaona haya.

Nimejiuliza nikupe ushauri gani, nikaona sina haki ya mwingi. Utakapofika kule utakuwa mgeni, utachekwa kwa Kiswahili chako cha Bwera, utashikwa mkono kuvuka barabara kama mtoto kwa sababu magari yanatoka upande usiouzoea. Kubali kushikwa. Mimi sikukubali, na sikupata chochote kwa kukataa kwangu. Ukikosea kitu, kiseme siku ile ile, chakula kikiwa bado kimefunikwa. Kosa langu lilikuwa dogo kabisa, la kucheka. Lilikuwa la Jumapili moja. Nililificha likakua kwenye giza, na wewe ukakua pamoja nalo chini ya paa moja bila kujua unaishi na nini.

Na ukinikasirikia, nikasirikie. Usijilazimishe kunihurumia kwa sababu nabaki peke yangu. Ni kweli nabaki peke yangu, na naogopa, sitakuficha. Naogopa kesho jioni. Naogopa sahani moja. Lakini upweke huu niliuleta nyumbani mwenyewe, nikaupakia kwenye kiti kile, na wewe huna deni nao.

Nilipoanza barua hii nilikuwa na mpango. Nilitaka kukuomba uisome kwa sauti mbele ya mama yako na babu yako, Jumapili, wazee wakiwepo. Nilifurahia sana mpango huo. Niliona nimepata njia. Nimefika hapa nimeona ni ule ule ujanja. Mara ya kwanza nilimtanguliza mke wangu abebe kosa langu mbele ya watu, na sasa nataka kumtanguliza binti yangu. Kwa hiyo usiisome. Ni yako peke yako.

Juzi nilikwenda Bugoye. Baba mdogo goti limemkatalia, ananyata na fimbo, lakini nilipomweleza alisema atakuja, hata kama itabidi tumbebe. Hajawahi kupanda ndege, na amekwisha kuwatangazia majirani. Tutamchukua na mzee mmoja wa kanisa. Mbuzi tutanunua huko huko. Tutakuja baada ya mavuno ya kahawa, mama yako akikubali.

Hilo ndilo ninalokuomba, na ni hilo tu. Muulize. Sijui ana maisha gani sasa, na sikuulizi. Kama kuna mtu mwingine, ni haki yake. Akisema nisije, nipigie uniambie, nitakaa, sitatuma neno kwa mtu yeyote. Akicheka, niambie alivyocheka. Lakini asije akadhani mzee amechoka kujipikia sasa anatafuta mke wake. Mwambie vizuri, kwa maneno haya haya: baba anaomba kusimama mbele ya wazee atoe habari ya njia. Anakuja kusema, haji kuchukua.

Baba yako,
Bwera